Fundi wa Usukani Apewe Haki ya Kukataa

Ndugu wasomaji, nyinyi mlio darasani pamoja nami, na nyinyi kaka zetu mliotutangulia katika shule hii, naomba nafasi niseme machache juu ya kitu ambacho wengi wetu hatukitazami kamwe, ijapokuwa uhai wetu hukitegemea kila tunaposafiri. Nacho ni boksi la stelingi la lori, yaani lile sanduku la chuma lililofungwa kwenye chasi karibu na miguu ya dereva, ambalo hupokea mzunguko wa usukani na kuugeuza uwe nguvu ya kupinda magurudumu ya mbele.

Maoni yangu ni haya. Boksi hili laweza kufunguliwa na kutengenezwa vizuri katika gereji zetu, wala si kweli kwamba kila likivuja ni lazima litupwe. Lakini fundi anayelifungua apewe muda wa kulipima, na akisema kwamba kipande fulani hakifai tena, neno lake liwe la mwisho. Lisiwe neno la mwenye lori, wala la mfuko wa mwenye lori.

Huenda mtu akauliza, mwanafunzi wa kidato cha sita ameyajulia wapi mambo haya? Mjomba wangu ana gereji ndogo kando ya barabara kuu itokayo Malaba kwenda Tororo. Likizo zangu nyingi nimezipitisha pale, nikiosha vyuma, nikishika taa, na nikiandika katika daftari kila kipande kilichotolewa na mahali kilipotoka. Malori yanayopita hapo hutoka Mombasa, safari ya zaidi ya kilometa 1,100 mpaka Kampala, na mengine huendelea mpaka Katuna na Kigali, au Mpondwe na Kongo. Dereva ni wa pwani, taniboi ni wa Rwanda, fundi ni wa Mbale, na lugha inayowakutanisha wote chini ya lori ni Kiswahili. Ndiyo sababu nimeleta maneno yangu katika kurasa hizi za Kiswahili.

Kwanza yafaa tujue mashine yenyewe. Dereva anapozungusha usukani, shafti huingia ndani ya boksi na kuzungusha skrubu kubwa. Skrubu hiyo imevikwa pistoni. Kati ya skrubu na pistoni chuma hakisuguani na chuma, kwa kuwa mfereji ulio baina yao umejaa gololi ngumu, ambazo hubingirika mpaka mwisho wa njia, kisha hupita katika kibomba kidogo na kurudi mwanzo. Pistoni ina meno ubavuni, nayo hushikana na meno ya shafti nene iliyokaa kukingama. Pistoni ikisogea mbele au nyuma, shafti nene hugeuka, na mkono uliofungwa kwenye ncha yake husukuma au kuvuta fimbo ndefu iendayo kwenye gurudumu.

Hiyo ni kazi ya chuma. Kazi ya mafuta ni kusaidia. Pampu inayoendeshwa na injini huleta mafuta yenye nguvu, na ndani ya boksi mna vali inayosikia mkono wa dereva. Akikaza kuelekea kulia, vali hupeleka mafuta upande mmoja wa pistoni. Akikaza kuelekea kushoto, huyapeleka upande wa pili. Mmarekani Francis W. Davis, aliyewahi kuwa mhandisi wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, aliliingiza wazo hili katika gari lake mwaka wa 1926, lakini magari madogo ya kuuzwa kwa watu yalianza kulipata mwaka wa 1951 tu, kwa kampuni ya Chrysler. Leo haiyumkiniki kuona lori kubwa lisilo na msaada huo.

Tuliosoma fizikia twaweza kuipima nguvu hiyo kwa kalamu. Tuseme pistoni ina kipenyo cha sentimeta 10. Eneo la uso wake ni sentimeta 78.5 za mraba. Pampu ikitoa mafuta kwa kanieneo ya baa 150, na pampu za malori makubwa hufika hapo na hata kupita, basi pistoni husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa karibu tani 12. Nguvu hiyo yote hupita katika meno machache na shafti moja isiyo nene kuliko mkono wa mtu. Mtu akishaifanya hesabu hii mara moja, hataweza tena kusikiliza kwa utulivu maneno ya anayesema, "Chomelea kidogo tu, nifike."

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo msingi wa maoni yangu. Boksi la stelingi lina magonjwa ya namna mbili, magonjwa ya mafuta na magonjwa ya chuma, nayo hayafanani hata kidogo. Sili ikichakaa, mafuta huonekana yakidondoka. Chujio likiziba, usukani huwa mzito. Hewa ikiingia, pampu hulia na mafuta hufanya povu. Hata mafuta yakiisha kabisa, skrubu, meno na shafti bado vimeshikana. Dereva mwenye nguvu, akipunguza mwendo, aweza kulitoa lori barabarani kwa jasho lake. Ugonjwa wa mafuta hupiga hodi kabla ya kuingia. Bali shafti yenye ufa haipigi hodi. Hubeba mzigo wake leo, kesho na kesho kutwa, kisha siku moja hukatika, na dereva hubaki ameshika usukani unaozunguka bure. Siku hiyo yaweza kuwa katika msitu wa Mabira, au katika miteremko ya Kabale, au mbele ya soko siku ya gulio.

Kwa hiyo fundi hafungui boksi kwa ajili ya kubadili sili tu. Hulifungua ili akikague chuma. Na kabla ya kulifungua hujiuliza kama ugonjwa umo humo kweli.

Likizo ya Agosti lililetwa lori la mahindi, usukani mzito kama jiwe la kusagia. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua boksi la mtumba, limelala kwenye gunia, naye alitaka lifungwe kabla ya jua kutua. Mjomba alikataa kuligusa kabla ya kupima. Tulizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, tukainua ekseli ya mbele kwa jeki, tukaifungua ile fimbo ndefu kutoka kwenye mkono wa boksi. Usukani ukawa mwepesi papo hapo, lakini magurudumu tulipoyasukuma kwa mikono yalikataa kugeuka. Boksi halikuwa na kosa lolote. Kingipini zilikuwa zimekauka, hazikuona grisi kwa muda mrefu, na moja ilikuwa imeanza kushikana. Muda wa kupima ulikuwa chini ya saa moja; boksi la mtumba lilirudi kwenye gunia lake.

Kama usukani ungebaki mzito baada ya kufungua fimbo, tungekwenda hatua ya pili, yaani geji ya kupimia kanieneo kati ya pampu na boksi. Geji huonyesha kama pampu yenyewe imechoka au kama mafuta yanapenya ndani ya boksi kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda upande wa pili. Hapo usukani hukazwa mpaka mwisho kwa sekunde chache tu, kwa maana mafuta hupata moto upesi na pampu yaweza kuharibika. Fundi asiye na geji hubahatisha, na anayebahatisha hubadili kitu baada ya kitu kwa fedha za mwingine.

Basi ikithibitika kwamba boksi ni gonjwa, kazi huanza kwa maji na brashi. Magurudumu hunyooshwa, na boksi huoshwa nje mpaka rangi yake ionekane, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiingia ndani itakwaruza silinda na kuula mdomo wa sili mpya. Mafuta humwagwa, na midomo ya mabomba huzibwa. Kisha hutiwa alama ya tindo kwenye mkono na kwenye shafti, ili virudi kama vilivyokuwa. Mkono huo hushika kwa nguvu sana, na hapa ndipo mafundi wenye pupa huonekana. Wao huchukua nyundo ya ratili kumi na nne, au huwasha moto wa gesi. Nyundo huvunja njia za gololi na beringi zilizo ndani; moto huondoa ugumu wa chuma. Chombo cha haki hapa ni pula, ikazwe polepole, na mtu asisimame mbele yake.

Boksi likishafungwa kwenye jiriwa, usukani huwekwa katikati kabisa, kwa kuwa shafti nene haitoki mahali pengine popote. Bolti za kifuniko cha ubavuni hufunguliwa, shafti hutoka pamoja na kifuniko chake. Kisha kifuniko cha upande wa vali, na skrubu pamoja na pistoni yake. Mtoto wa kazi asicheze na skrubu hiyo, kwani akiizungusha mpaka itoke, gololi zitamwagika. Gololi huhesabiwa zikitoka na zikirudi. Haziruhusiwi kuchanganywa na za boksi jingine, maana hata zikifanana kwa macho, zaweza kutofautiana kwa unene mdogo sana, na ile moja iliyo nene ndiyo itakayobeba mzigo wa zote. Kila kitu hupangwa juu ya kitambaa safi kwa taratibu ya kutoka kwake.

Baada ya kuosha, ndipo fundi hutazama. Je, njia za gololi zina mashimo madogo kama uso uliougua ndui? Je, meno ya pistoni yamemeguka? Je, mifuo midogo iliyo kwenye ncha ya shafti, inayoshika mkono, imenyooka, au imejipinda kama kamba? Mifuo iliyojipinda ni ushahidi kwamba shafti imekwisha kupigwa na nguvu kuliko uwezo wake, labda gurudumu lilipogonga jiwe au mtaro. Shafti hiyo haina dawa.

Na kwa ufa usioonekana, mjomba hutumia vitu viwili ambavyo kila shule inavyo, mafuta ya taa na chaki. Shafti hulazwa katika mafuta ya taa kwa muda, kisha hupanguswa mpaka ikauke kabisa, na kupakwa unga wa chaki. Kama chuma ni kizima, unga hubaki mweupe. Kama kina ufa, mafuta yaliyojificha ndani hurudi nje polepole na kuchora mstari mweusi mwembamba kama unywele. Viwanda vikubwa vina rangi maalumu na mashine za sumaku kwa kazi hii, nazo huona nyufa ambazo chaki haizioni. Lakini kati ya fundi mwenye chaki na fundi asiye na chochote, tofauti ni kubwa.

Kufunga si kazi ndogo kuliko kufungua. Sili zote huwa mpya, hata ile ya zamani ikionekana nzima. Mifuo ya shafti huviringishwa utepe laini ili isikate mdomo wa sili inapopita. Jino la kati la shafti huingia katika nafasi ya kati ya pistoni. Likikosea jino moja, lori litapinda sana upande mmoja na kidogo upande wa pili. Skrubu ya kurekebishia, iliyo juu ya kifuniko cha ubavuni, hukazwa usukani ukiwa katikati tu, kwa kipimo cha kitabu cha boksi hilo. Wako wanaoikaza kupita kiasi ili kuficha ulegevu uliotokana na viungo vingine. Usukani huo hautarudi wenyewe baada ya kona, na meno yataliwa upesi. Mwisho hutiwa mafuta ya aina iliyoandikwa, si yoyote yaliyopo, na usukani huzungushwa polepole huku na huku, ekseli ikiwa juu ya jeki, mpaka povu liishe.

Ndugu wasomaji, kazi niliyoieleza haiwezi kufanywa kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Hata hivyo ndivyo inavyotakiwa mara nyingi. Nami nataka nitoe mfano wa gharama yake, maana ni rahisi kusifu uaminifu usiomgharimu mtu kitu.

Mwezi wa Januari lilikuja lori la mbao, likivuja mafuta chini ya boksi. Tulilifungua. Sili ilikuwa imekatika, lakini chaki ilichora mstari shingoni mwa shafti nene, robo ya mzunguko wake. Mjomba alimwita mwenye lori aje auone kwa macho yake. Akauona. Kisha akasema mbao zinangojewa Kampala, shafti ichomelewe na kupigwa tupa, atanunua nyingine akirudi. Mjomba akamjibu, "Mzee wangu, sili nitakubadilishia sasa hivi, na kazi ya mikono nitakungojea unilipe. Lakini chuma hiki sikirudishi." Wakabishana mpaka jioni. Mwishowe mwenye lori alitia vipande vyote katika gunia, akakodi gari la kulivuta lori lake, akaenda kutafuta fundi mwingine. Hatukupata habari zake tena.

Wiki ile ilikuwa ya karo, na fedha za lori lile ndizo zilizokuwa karo yangu. Nilirudi shuleni siku nane baada ya wenzangu. Siku zile nane nilizifikiri sana, na sikuona kwamba mjomba alikuwa na njia nyingine. Shafti na mkono wa boksi ni chuma kilichofuliwa na kutiwa ugumu kwa moto uliopimwa. Ukikichomelea, moto wako huvuruga ugumu ule. Karibu na mshono pengine pawe laini, pengine pawe pakavu kama kigae. Nje patang'aa kwa tupa, na ndani pamekwisha kufa. Sheria ya malori ya Marekani hukataza kabisa viungo vya usukani vilivyotengenezwa kwa kuchomelewa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno ya kweli kwa nyumba ya udongo. Lakini ufa wa chuma cha usukani hauzibwi.

Najua majibu ya wenye malori, nayo si ya kudharauliwa. Wa kwanza husema, "Lori ni la mkopo, benki haingojei." Ni kweli. Lakini mwenye mkopo ndiye asiyeweza kabisa kupoteza lori, dereva na mzigo kwa siku moja. Aokoe fedha palipo na nafasi ya kuokoa, yaani atengeneze boksi lake kwa sili mpya badala ya kununua jipya, wala asiokoe kwenye chuma. Wa pili husema, "Bora kununua boksi la mtumba." Sipingi. Lakini boksi la mtumba limetoka katika lori lililovunjwa, na hakuna ajuaye lilivunjwa kwa nini. Nalo pia lifunguliwe, lioshwe, lipakwe chaki, ndipo lifungwe. Wa tatu husema, "Mafundi ni wadanganyifu, hukataa kipande kizima ili wauze chao." Wako, sikatai. Kwa hiyo nasema kwamba haki ya kukataa iende pamoja na wajibu wa kuonyesha. Fundi asiyeweza kumwonyesha mwenye lori mstari wa chaki, jino lililomeguka au mfuo uliopinda, hana ruhusa ya kusema hakifai. Na mwenye lori aliyeonyeshwa hana ruhusa ya kusema kirudishwe.

Kaka zetu mliohitimu, wengi wenu leo mna malori, au mnasimamia malori ya vyama na makampuni. Nawaomba mambo matatu tu. Msimtajie fundi wa usukani saa ya kumaliza, mwulizeni yeye. Njoni mezani boksi likiwa wazi, mtazame. Na fundi akikataa, mlipeni kazi ya kufungua na kupima, kwa maana hiyo ni kazi kamili, na fundi anayepoteza ujira kila akisema kweli hatimaye ataacha kuisema.

Na nyinyi wenzangu wa darasani, tusiseme kwamba gereji ni ya walioshindwa mitihani. Hesabu ya tani 12 tuliifanya kwa fizikia ya kidato cha tatu, na kipande cha chaki kilichoionyesha ile shafti kilitoka shule ya msingi iliyo jirani na gereji.

Hayo ndiyo maoni yangu. Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa furaha.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita